Mashine ya presha: tazama lita kabla ya bar

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu mashine za kuoshea nyumbani kwa presha. Nimechagua maswali matano.

Dukani nimeona mbili. Moja imeandikwa bar 130, nyingine psi 1,900, na muuzaji anasema ya pili ina nguvu mara nyingi zaidi. Ni kweli? (Mama, Tabata)

Si kweli, dada yangu. Bar na psi zote ni vipimo vya presha, na bar moja ni kama psi 14.5. Gawanya 1,900 kwa 14.5 utapata bar 131, kwa hiyo zinalingana. Geuza boksi utafute namba ambayo wauzaji hawaitaji: lita kwa dakika. Presha ndiyo inayobandua uchafu, lakini wingi wa maji ndio unaousukuma mpaka mtaroni. Mashine yenye presha kali na maji kiduchu itakuchosha; inachora mstari mwembamba na tope linabaki palepale. Kwa gari, kuta na ua wa kawaida, bar 100 hadi 130 na lita 6 hadi 8 kwa dakika zinatosha. Halafu soma kibati kilichobandikwa kwenye mashine. Mara nyingi namba kubwa ya mbele ya boksi ni presha ya juu kabisa, na ile ya kufanyia kazi iko chini yake. Amini hiyo ndogo.

Inakula umeme sana? (Morogoro)

Hapana. Ya wati 1,800 ikifanya kazi saa nzima hutumia uniti 1.8 za LUKU. Gari la dakika 15 halifikishi nusu uniti.

Kwetu maji ya bomba hutoka mara mbili kwa wiki. Tunategemea simtanki na kisima chenye chumvi. Itafaa? (Mwalimu, Kigamboni)

Itafaa, mwalimu, ila hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Kabla ya kununua, weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la simtanki uhesabu muda. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 10 kwa dakika, na mashine ya lita 7 itakunywa bila kukwama. Ikichukua dakika nne, pampu itavuta hewa, itanguruma kwa kurukaruka na sili zake, zile zinazozuia maji kuvuja, zitakufa mapema. Kama simtanki halijainuliwa, ulizia mashine inayoweza kuvuta maji yenyewe kutoka kwenye pipa. Si zote zinaweza. Usikubali kuitumia bila chujio, maana mchanga wa kisima huikwangua pampu. Kuhusu chumvi, pampu yenye kichwa cha brasi huvumilia kuliko ya alumini, na kila ukimaliza kazi ipitishe maji yasiyo na chumvi dakika moja au mbili.

Kaka yangu yuko Marekani, anataka kuniletea moja kwenye kontena. Nikubali? (Arusha)

Kama ni ya umeme, mwambie aache. Kule majumbani ni volti 120, kwetu 230. Ukiichomeka itaungua, na transfoma ya kuibeba ni nzito na ghali. Akutumie fedha ununue hapa, kwenye duka lenye sili, mpira wa maji na bunduki (mshikio wa kurushia maji) za akiba. Mimi huulizia vipuri kabla ya bei.

Nataka kuosha pevingi, ukuta wa rangi na paa la zamani. Wajukuu wanaweza kunisaidia? (Mzee, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Pevingi ni sawa, lakini ilaze bunduki; ukiielekeza wima kwenye maungio, mchanga utatoka na vitofali vitacheza. Ukuta wa rangi tumia nozeli (ncha ya bunduki) nyeupe, inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, na simama mbali. Nyekundu ni nyuzi 0, iweke kando kabisa. Paa kama ni la asbesto usiliguse, kwani presha hurusha nyuzinyuzi zinazoharibu mapafu.

Wajukuu wabebe ndoo tu. Nimeona vijana wakijiosha miguu kwa bunduki hizi na moyo wangu ukashtuka. Maji hayo hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo kama tundu la sindano huku nyama ya ndani imeharibika. Likitokea, nendeni hospitali saa hiyohiyo na mumwambie daktari ni maji ya presha. Ukimaliza, zima mashine, funga bomba, kisha vuta kifyatulio mpaka maji yaishe nguvu. Hapo ndipo unaweza kuiweka bunduki chini.