Chanjo kwa mtu ambaye tayari anaumwa?

Ndugu, umeuliza chanjo itamfaa nini mtu ambaye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, imeshamshika. Hii haizuii ugonjwa usiingie, inaifundisha kinga ya mwili kuitambua saratani iliyomo. Katika jaribio la kampuni za dawa Moderna na Merck, vinasaba vya uvimbe uliokatwa vilisomwa, kisha kila mgonjwa akatengenezewa chanjo yake peke yake, yenye alama hadi 34 za saratani yake. Sindano moja kila wiki 3, dozi zisizozidi 9, huku pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ikiingia kwa dripu. Ikilinganishwa na pembrolizumab pekee, hatari ya ugonjwa kurudi au kifo ilishuka kwa takriban asilimia 44. Inatia moyo, ila wagonjwa walikuwa 157 tu, ndiyo maana jaribio kubwa zaidi lilianza 2023.

Lakini hao wote walikuwa wameshafanyiwa upasuaji. Kwa saratani iliyosambaa isiyokatika, tusishangilie mapema. Matokeo ya 2010 ya chanjo ya gp100, iliyolenga protini ya seli za melanoma, yalikata maini: waliopewa ipilimumab, dawa nyingine ya kuamsha kinga, pamoja nayo, nusu waliishi kupita miezi 10 hivi, na waliopewa ipilimumab tupu vilevile. Kama mgonjwa wako yuko kundi hili, muulizeni daktari kwanza kuhusu dawa hizo za kuamsha kinga.