Programu ya Bure na Kiwanja chenye Hati: Kipi ni Changu?

SWALI: Ninaendesha duka la vifaa vya ofisi hapa Gungu, Kigoma, na hesabu za mauzo naziweka kwenye programu niliyoipakua bure, yenye leseni ya GPL, yaani ruhusa ya kuitumia, kuirekebisha na kuigawa kwa masharti. Mwanangu anasema cha bure hakina mwenyewe, kwa hiyo tubandike jina letu, tuifunge wengine wasiione ndani wala kuibadilisha, tuiuze. Mimi namwambia mali ya kweli ni kiwanja changu chenye hati ya miaka 33, ambacho hakuna wa kunipangia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, nyote mmeteleza, na wewe pengine kuliko kijana.

Kuuza mnaruhusiwa. GPL, iliyoandikwa na mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman na kutolewa mwaka 1989, haikatazi kutoza fedha. Inachokataza ni kufunga. Yeyote mtakayemkabidhi programu hiyo anastahili kupata pia msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, kwa masharti yaleyale mliyopewa ninyi, na matamko ya hakimiliki ya walioiandika yasifutwe. Masharti hayo yana nguvu kwa sababu programu ina wenyewe: hawakuitupa hakimiliki yao, bali wameitumia kutoa ruhusa pana, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta hapa Tanzania. Mkiirekebisha kwa matumizi ya dukani tu, hamlazimiki kumwonyesha mtu chochote. Programu nyingi za kulipia, kinyume chake, humpa mnunuzi idhini ya kutumia tu, bila ya kuifungua wala kuigawa.

Kuhusu kiwanja, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hati yako ni haki ya kukalia na kutumia kwa muda, ukilipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na kufuata matumizi yaliyotajwa. Ukikiuka, inaweza kubatilishwa. Ikiwa nyumba iliyopo ni ya familia, huwezi hata kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Hata hivyo si haki nyepesi, kwani Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili.

Kijana akitaka kipato, atoze ufundi: kusimika programu, kufundisha wauzaji, kurekebisha inapokwama. Wewe, angalia muda wa hati ulianza kuhesabiwa lini.