Kabla Hujang'oa, Uliza Utaweka Nini

Magego yangu mawili ya chini, upande wa kushoto, yalitoka ndani ya mwaka mmoja, nikiwa na miaka 34. Nilichojali wakati ule ni kupata usingizi. Dakta aliyening'oa alinipa dawa, akaniambia nisisukutue kwa nguvu siku ile, basi. Hakuniuliza pengo nitaliziba vipi, na mimi sikuuliza. Hata nikicheka harusini halionekani, nani atalijua?

Nikatafunia kulia miaka sita. Pweza, muhogo wa kuchoma, kashata, vyote kulia.

Kilichonirudisha hospitali ni gego la juu, lile lililokuwa likikutana na yale niliyong'oa. Dakta mwengine, hapa Chake Chake, Pemba, akanipa kioo nijitazame. Lilikuwa limeshuka mpaka shina lake linachungulia nje ya ufizi, ndiyo maana maji baridi yalikuwa yakinipandisha machozi. Jino lisilogongana na mwenzake huendelea kutoka taratibu, kwa kuwa hakuna wa kulizuia. Na gego la mwisho kule chini lilikuwa limelalia pengoni. Mfupa wa taya nao ulikuwa umepungua, kwa sababu jino likishatoka ule mfupa uliolishika hauna tena kazi, na hupungua zaidi katika mwaka wa kwanza. Yote hayo yalikuwa yakiendelea mdomoni mwangu, nami najiona mzima.

Nilielezwa njia tatu. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, ya plastiki au yenye fremu ya chuma. Ya chuma huwa membamba na magumu zaidi, na bei yake iko juu. Kuna daraja: jino la bandia linashikwa na meno ya jirani, na hayo ya jirani lazima yasagwe ili yavishwe kofia. Kama jirani zako ni wazima kabisa, fikiri sana hapo, maana jino likishasagwa halirudi. Kwangu daraja lilikataa kwa sababu ya lile gego lililolala. Ya tatu ni kipandikizi, skrubu ya titani inayotiwa ndani ya mfupa. Si kitu cha jana: daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alimtilia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Mfupa hushikamana na titani yenyewe, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, ndipo jino likafungwa juu yake. Sukari isiyodhibitiwa na sigara huharibu kazi hiyo, kwa hiyo usimfiche dakta hata kama mkeo yumo chumbani. Mimi ningelazimika kupanda boti kwenda Dar mara kadhaa, na fedha hizo zilikuwa za ada ya mwanangu. Nikachagua ya kuvua.

Ami yangu alipita njia ya nne, ambayo siiombei mtu. Jino lake moja la mbele lilipotoka, akaenda kwa fundi wa mtaani akamgandishia la plastiki moja kwa moja kwenye meno ya jirani, siku ile ile, kwa bei ya kuku. Chini yake mswaki haupiti. Mwaka haujesha ufizi ukavimba, mdomo ukanuka, na lilipokatwa, jino la jirani lilikuwa linacheza, likang'olewa nalo. Meno mawili ya mbele, na ami anasomesha Kurani chuoni! Herufi za Kiarabu thee na dhali zinataka ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu. Fee inataka meno hayo yaguse mdomo wa chini. Watoto wakawa wanamwigiza.

Alipokwenda kwa dakta wa haki nilimsindikiza, na hapo nikajifunza jambo ambalo kwangu sikulijua. Kabla meno hayajatengenezwa kwa plastiki, hupangwa kwanza kwenye nta, unajaribishwa. Hapo ndipo pa kusema. Ami alikaa kwenye kiti akazisoma herufi zote, na dakta akayasogeza meno kidogo mpaka thee ikakaa. Rangi nayo itazame karibu na dirisha, si chini ya taa. Ukinyamaza kwa haya, hutayavaa, yatalala kabatini.

Wiki mbili za mwanzo mate humiminika na maneno yanagongana. Hilo huisha. Kidonda hakiishi chenyewe: rudi yakasuguliwe palipobana, usichukue tupa mwenyewe kama nilivyotaka kufanya. Usiku yavue uyaweke kwenye maji, ufizi upumzike. Yaoshe kwa mswaki na sabuni, juu ya beseni lenye maji yasije yakavunjika yakianguka. Dawa ya meno huyakwaruza, na maji ya moto huyapinda. Baada ya miaka yataanza kulegea, kwa kuwa mfupa unaendelea kupungua, na mara nyingi huongezewa plastiki kwa ndani badala ya kutengeneza mapya.

Yangu yana mwaka wa tatu sasa. Pweza bado namtafunia kulia, mazoea tu.