Kabla hujalipia laptopu, iandikie kwanza

Laptopu yangu ya zamani haikufa siku moja. Ilianza bawaba ya kushoto, nikaibana kwa solotepu. Ikafuata feni, ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga. Mwisho betri ikavimba mpaka padi ya kipanya ikainuka kama chapati kikaangoni. Yako ikifika hapo usiichaji tena, hata kama kazi inatakiwa kesho asubuhi. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Basi nikaenda Kariakoo na hela mkobani na neno moja kichwani: i7, aina ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel. Muuzaji naye alilijua hilo neno. "Dada, hii i7 hii, mashine ya kazi." Nyembamba, stika inang'aa. Nikalipa.

Usiku nikataka kuiwekea Windows 11, ikakataa. Ndipo nikasoma namba niliyopaswa kuisoma dukani: i7-6600U. Tarakimu inayofuata kile kistari ndiyo inayotaja kizazi cha prosesa (10210U isome kumi, siyo moja). Yangu ilikuwa ya sita, na kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Tena i7 ile ina viini viwili tu, yaani sehemu za prosesa zinazogawana kazi. i5-8250U, ya daraja la chini ya i7, ambayo siku ile ningeipita bila hata kuigeukia, ina vinne. Ukiambiwa utabaki na Windows 10, kumbuka Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Mara ya pili nilikwenda na flashi yenye kazi zangu. Mimi ni mfasiri, kibodi ndiyo jembe langu, kwa hiyo niliomba stuli nikaandika ukurasa mzima pale pale dukani. Kuna moja nilikuwa nimeshaipenda, safi, bei poa. Nikaandika "kazi yangu", ikatoka "kayi zangu". Ilikuwa imetoka Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana viti. Mpangilio unarekebishika, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zinabaki vile vile, na mimi bado huchungulia vidole. Kwa Kiswahili, chenye yangu na zangu kila sentensi, nikaona sitaki kesi.

Niliyoichukua ni laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480. Niliizima na kuiwasha nikibonyeza F1, kitufe cha kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani, kuona kama haina nywila iliyoachwa na kampuni iliyokuwa nayo. Ikidai nywila na muuzaji haijui, iache mezani. RAM yake, kumbukumbu ya muda inayotumika wakati wa kazi, ina nafasi mbili, unaongeza mwenyewe ukipata hela. Angalia isiwe T480s, ile nyembamba, maana yenyewe sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi.

Bei sikuitaja bado. Nilifungua kile kidirisha cheusi cha amri nikaandika powercfg /batteryreport. Inatoa ripoti, na humo unatafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na inachobeba leo ikijaa. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje inayochomoka. Ya nje ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Nikamgeuzia muuzaji kioo. Akakodoa, akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili kimya. Akapunguza elfu themanini. Wakati ananifungia chaja akaniuliza ile amri inaandikwaje, nikamwandikia nyuma ya risiti.