Ukishalipa Aprili, Januari Huna la Kusema

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: kati ya pasi za skii (mchezo wa kuteleza mlimani kwenye theluji) zinazofungua vituo vingi kwa malipo mamoja, ipi ina nafuu zaidi, na je, zimemfaidi mtelezaji au zimemwumiza? Wengi hujibu swali hili kwa kuhesabu vituo: hii ina arobaini na kitu, ile imepita sitini. Mimi naanza na kalenda.

Pasi hizi huanza kuuzwa Machi, watu wakiwa bado wanateleza kwenye theluji ya msimu unaoisha, na mauzo hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Kadiri miezi inavyosonga, bei hupanda ngazi kwa ngazi. Maana yake ni kwamba unalipa kabla hujajua kama theluji itaanguka, kama lifti za kuwapandisha watelezaji mlimani zitapata watu wa kuziendesha, au kama goti lako litakuwa zima. Muuzaji, kwa upande wake, anaingia majira ya baridi pesa akiwa ameshaiweka kibindoni. Ikinyesha mvua Krismasi nzima, hasara ni yako.

Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi: pasi hizi zimempunguzia gharama anayeteleza mara kwa mara, lakini zimemnyang'anya silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani kuzuia pesa yake asubuhi anapoona mambo hayaendi.

Kwa ambaye hajazifuatilia, kubwa ni mbili, zote za Marekani. Epic ni ya Vail Resorts, ilitoka 2008 kwa dola 579 ikiwa na vituo vichache vya jimbo la Colorado pamoja na kingine kiitwacho Heavenly. Ikon ni ya Alterra, kampuni iliyoundwa 2017, na pasi yake ilianza msimu wa 2018-19. Ya tatu, ndogo lakini yenye akili, ni Indy, iliyoanzishwa 2019 kwa ajili ya vituo huru ambavyo havimilikiwi na wakubwa hao. Indy inakupa siku mbili katika kila kituo kilichomo. Ipo pia Mountain Collective, tangu 2012, nayo ni siku mbili kila mahali na nusu bei kwa siku zinazoongezeka.

Tusiwaonee wauzaji. Kabla ya Epic, pasi ya kuteleza msimu mzima pale Vail, mlima wa Colorado ulioipa kampuni jina, ilikuwa imepita dola 1,000, na ilikuwa ya mlima huo na majirani zake wachache. Dola 579 za 2008, ukizikokotoa kwa thamani ya leo, ni kama 860. Epic ya msimu wa 2025-26 ilifunguliwa kwa 1,051. Imepanda kupita mfumuko wa bei, lakini si kwa kutisha, na sasa inafungua Whistler Blackcomb ya Kanada, Park City ya Utah, Stowe ya Vermont na hata Andermatt ya Uswisi. Ikon ilianza kwa 899, na kwa msimu huohuo wa 2025-26 ilifunguliwa kwa 1,329.

Sasa tazama tiketi ya siku moja. Mwaka 2008 pale Vail ilikuwa karibu na dola 100. Leo, siku za msongamano, imevuka 300. Pasi imepanda taratibu, tiketi ya siku imeruka mara tatu, na bei zote mbili zimepangwa na ofisi moja. Hapo ndipo tangazo la "pasi inajilipa ndani ya siku nne" linaponichekesha. Bila shaka inajilipa! Aliyepandisha bei ya dirishani, yaani ya tiketi ya siku, ndiye anayekuuzia kinga dhidi ya bei hiyo.

Kwa hiyo usiipime pasi kwa bei ya dirishani. Igawanye kwa siku utakazoteleza kweli, si zile unazoziota mwezi wa nne. Dola 1,051 kwa siku tano ni 210 kwa siku, na hapo hujapata nafuu yoyote ya maana. Kwa siku ishirini ni chini ya 53. Kwa siku arobaini ni 26, bei ambayo hata kilima kidogo chenye lifti mbili hakiwezi kushindana nayo. Anayeishi mwendo wa saa moja kutoka mlimani amepewa zawadi, na analipiwa na familia inayokuja mara moja kwa mwaka, iliyofika dirishani bila kujua kwamba tiketi ya siku siku hizi hununuliwa mapema mtandaoni. Familia hiyo ina dawa ndogo: pasi za siku chache, kuanzia moja hadi saba, ambazo Epic inaziuza tangu 2019, na Ikon inazo za siku mbili hadi nne. Lakini nazo hufungwa Desemba. Kalenda tena.

Nije kwenye foleni, maana ndiyo inayosemwa zaidi na kuchunguzwa kidogo zaidi.

Simama chini ya lifti kubwa Jumamosi asubuhi baada ya usiku wa theluji nzito. Geti linasoma kadi iliyo mfukoni, linalia, linafunguka. Nyuma yako mistari sita inaungana kuwa minne, minne kuwa miwili; watu wanakanyagiana skii, kila mmoja akijifanya haoni. Mstari wa walio peke yao unakwenda mbio kuliko ya familia, na ghafla familia nzima inaamua kwamba haifahamiani. Ukiwatazama usoni, karibu wote wana pasi. Na mwenye pasi hana sababu ya kubaki nyumbani siku ya theluji nzuri, kwa kuwa siku hiyo haimgharimu chochote zaidi. Anayelipia siku kwa siku angepiga hesabu mara mbili. Pasi huongeza watu, naam, lakini kubwa zaidi huwakusanya wote asubuhi ileile, mahali palepale theluji ilipoanguka. Milima mingine siku hiyo ni mitupu.

Machi 2021 Vail walishusha bei ya pasi zao kwa asilimia 20. Waliuza zaidi ya milioni mbili kwa msimu uliofuata. Msimu huohuo wafanyakazi walikuwa adimu, na pale Stevens Pass, jimbo la Washington, sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa kwa wiki nyingi huku maegesho yakifurika. Watu zaidi ya 40,000 walitia saini malalamiko. Kitu kinachonivutia katika kisa kile ni saini zenyewe. Mteja wa kawaida akichukizwa haandiki barua ya malalamiko, anakwenda kwingine. Hawa walikuwa wameshalipa. Saini ndiyo iliyobaki.

Jambo lilelile lilijirudia Park City mwishoni mwa 2024. Walinzi wa mlima, wale wanaotega baruti alfajiri ili kuangusha theluji hatari na wanaowashusha majeruhi kwa sleji, waligoma tarehe 27 Desemba, wiki yenye watu wengi kuliko zote. Walidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa. Sehemu ndogo tu ya mlima ndiyo iliyofunguliwa, na walioweka nafasi za hoteli miezi kabla walijikuta kwenye foleni zisizosogea. Mgomo uliisha Januari, walinzi wakapata walichodai. Mimi nilikuwa upande wao tangu siku ya kwanza, na bado naona ajabu kwamba kampuni yenye pesa ya pasi kibindoni tangu kiangazi ilisubiri wiki ya sikukuu imfike shingoni ndipo ikubaliane juu ya dola mbili.

Ndiyo maana ninapolinganisha pasi hizi huwa naangalia kwanza nani anaweza kusema hapana. Kwa Epic, vituo vingi ni mali ya kampuni yenyewe. Mlima ukijaa, meneja wake hana pa kwenda. Ikon inamiliki baadhi, na wengine ni washirika tu, na mshirika ana mdomo. Arapahoe Basin, mlima mmoja wa Colorado usio na maegesho ya kutosha, ulikuwa mshirika wa Epic kwa miaka. Ulipoona haubebeki tena ulijitoa baada ya msimu wa 2018-19, ukaingia Ikon kwa idadi ya siku zilizowekewa kikomo. (Baadaye, 2024, Alterra waliununua, kwa hiyo mdomo ule nao umefungwa kidogo.) Jackson Hole na Aspen, washirika wengine wa Ikon, waliondolewa kwenye Ikon ya bei ya chini baada ya misimu miwili tu, ukitaka kuwapata uongeze pesa. Crystal Mountain, ambao ni mali ya Alterra wenyewe, Januari 2020 walisitisha kuuza tiketi za dirishani wikendi, kwa kuwa barabara ilikuwa haipitiki kwa msongamano wa magari.

Mwenye pasi hulalamika kikomo kama hicho kinapowekwa. Mimi nakipenda. Siku tano au saba katika mlima mmoja zinamtosha msafiri yeyote, na zinamwachia mwenyeji nafasi ya kupumua. Siku za marufuku, yaani zile za sikukuu ambazo pasi ya bei ya chini haifanyi kazi, nazo ni za haki kuliko zinavyosemwa: anayetaka Krismasi alipe ya Krismasi. Kabla ya kununua, soma orodha ya siku hizo kwanza, ndipo usome orodha ya vituo. Ikiwa likizo ya watoto wako huangukia humohumo, ile pasi ya bei rahisi si rahisi kwako.

Indy ndiyo imetatua jambo hili kwa namna ninayoiheshimu zaidi. Sehemu kubwa ya pato lake inarudi kwa vituo kulingana na watu walioingia kila kimoja, na idadi ya pasi ina mwisho: zikiisha, mauzo yanafungwa. Kilima cha familia kilicho mbali na barabara kuu kinapata pesa kwa sababu wewe ulifika, si kwa sababu jina lake linapendezesha orodha. Usitarajie hoteli za kifahari. Lifti nyingine ni za viti viwili, za zamani, na zinakwenda polepole kiasi cha kumaliza hadithi nzima kabla ya kufika juu. Lakini foleni ni fupi.

Ulaya nitaigusa kidogo tu. Wazo lenyewe ni la kwao zaidi kuliko watu wanavyodhani: Dolomiti Superski ya Italia ilianza 1974, na leo kadi moja inafungua mabonde 12 yenye kilomita 1,200 za njia. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeua tiketi ya siku ili kuuza pasi. Tiketi ya siku ya Dolomiti bado haifikii hata nusu ya ile ya Vail. Waswisi nao walikuja na Magic Pass 2017, inayounganisha vituo vya kati na vidogo ambavyo kila kimoja peke yake kilikuwa kinahema. Hilo linanionyesha kwamba kadi moja kwa milima mingi si kosa. Ubaya uko katika kumfanya asiye nayo aonekane mjinga.

Na theluji yenyewe? Kwa upande huu kampuni zina hoja nzuri, nami siwezi kuipuuza. Kituo kinachotegemea tiketi za siku, msimu mmoja mkavu unaweza kukifilisi. Pesa ya pasi inalipa mishahara na mashine za kutengeneza theluji hata kusiponyesha kitu. Ni bima kwao, sawa. Ila bima hununuliwa na anayelindwa, na hapa anayelipa ni mwingine. Milima ilipofungwa ghafla tarehe 15 Machi 2020 kwa sababu ya korona, wenye pasi ya Epic hawakurudishiwa fedha bali walipewa punguzo la pasi ya mwaka uliofuata. Kelele zilikuwa kubwa, na tangu hapo Epic imekuwa na utaratibu wa kurudisha pesa ukiumia, ukipoteza kazi, au mlima ukifungwa kwa sababu zilizotajwa. Msimu mbovu wa theluji haumo, wala sioni dalili kwamba utaingizwa.

Kwa hiyo ipi? Mnaoteleza wikendi nyingi karibu na milima ya Vail, chukueni Epic, tena ile ya bei ya chini, halafu mkwepe Jumamosi. Anayezunguka, wiki moja Utah na nyingine British Columbia ya Kanada, Ikon inamfaa, alimradi ajue ni siku ngapi amepewa kila mlima na kama maegesho yanahitaji kuwekewa nafasi. Alta ya Utah, kwa mfano, siku za wikendi huwezi kutokea tu na gari asubuhi. Familia yenye watoto wanaojifunza, Indy bila kusita, wakiiwahi kabla haijaisha. Na mtu anayeanza kabisa, ambaye hajajua kama atapenda baridi na viatu vile vigumu, asinunue hata moja. Atafute kilima kidogo kinachouza somo, vifaa na tiketi kwa pamoja, alipe siku anayokwenda, na kisipompendeza asirudi.

Msomaji wenu