Aliyebaki na kafi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kijana anayehatarisha roho yake kuokoa watu wanaozama apewe fedha, au sifa zinamtosha? Nimekaa kuandika nikiwa na jibu langu tayari: sifa zinatosha. Ukishalipa, wema umekuwa kibarua.

Ila kile kisa mlichoweka cha Grace Darling kimenikwamisha. Binti wa mlinzi wa mnara wa taa, visiwa vya Farne, Uingereza, miaka 22, meli ya Forfarshire imevunjika mwambani alfajiri ya Septemba 7, 1838. Mnasema "aliokoa watu". Sawa. Lakini baba yake aliporukia mwambani kuwapakia manusura, binti alibaki peke yake na makasia, akiizuia mashua isipondwe na mawe. Hapo mmepita kwa sentensi moja, na kazi yenyewe ndiyo hiyo!

Nilikuwa darasa la tatu. Kusi limekaza, tunavuka kutoka Kitunda kuja Lindi mjini kwa mtumbwi wa mjomba. Mbele yetu mtumbwi wa akina mama watano na nazi zao ukalala ubavu. Mto Lukuledi unatoka, bahari inaingia. Mnaovuka pale mnayajua maji yale. Mjomba akamtupia kafi dada, binti wa mama mkubwa, miaka 14, kisha yeye mjomba akajitosa.

Dada sikumwona uso, niliona mgongo tu. Kulia mara mbili, kushoto mara moja, tena kulia. Tukisogea sana tunawapanda wale walio majini, tukiachia kidogo mkondo unatubeba. Ananifokea bila kugeuka, "Kumba maji we mtoto, kumba!" Nakumba kwa kifuu, na nje nazi zinagonga ubavu wa mtumbwi, kila inayogonga najua ni kichwa cha mtu. Mama mmoja alikuwa anapotea, dada akafungua khanga yake ya juu akamrushia upindo, kafi kaibana kwapani. Wote watano walifika pwani.

Mjomba alipewa mbuzi. Dada alipigwa kofi na mama yake kwa kurudi na khanga upande mmoja, doti imeharibika.

Grace angalau alipata medali ya fedha sawa na baba yake, na Malkia Victoria akampelekea pauni 50. Watu wakawa wanamwomba hadi nywele zake. Akafa 1842 kwa kifua kikuu, miaka 26. Sisemi sifa ndizo zilizomuua, ila sioni kama zilimsaidia. Yule mvuvi wa Bukoba aliyesaidia kuokoa abiria wa ile ndege iliyoanguka Ziwa Victoria 2022 alipewa shilingi milioni 1 na ajira Zimamoto, na mimi wakati ule nilinung'unika. Leo sinung'uniki sana.

Basi apewe. Apewe siku ileile, isiwe ahadi ya jukwaani, na kama walikuwa wawili, aliyeshika chombo asisahauliwe. Bado naogopa kuna vijana wasiojua kuogelea watajitupa wakifuata hela, hilo sijalipatia dawa.

Juzi nilimpigia dada kumsomea swali lenu. Akauliza, "Kwani ile khanga mmeshanunua?" Jana nikamtumia hela ya doti moja kwenye simu. Akajibu: hujaweka ya kutolea.