Uliza Ujibiwe: Swali la Utafiti Kuhusu Tabianchi Linatoka Wapi?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie maswali ambayo wangependa yachunguzwe kuhusu tabianchi na mazingira, kila mmoja kutoka upande wa taaluma au kazi yake. Barua zinazofuata zimefupishwa. Anayejibu ni mhariri wa safu hii.

Ndugu Mhariri, ninasoma historia, mwaka wa tatu. Nilipeleka kwa msimamizi wangu mada iitwayo "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Jamii za Mkoa wa Kigoma", naye akairudisha akisema kwamba si historia wala si swali. Je, mwanahistoria ana nafasi katika jambo hili, au niwaachie wenzangu wa sayansi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Msimamizi wako ana hoja, ingawa natambua uchungu wa kurudishiwa kazi uliyoihangaikia. Kichwa ulichokiandika kimekwisha kutoa jibu kabla hujafungua jalada hata moja: kinadai kwamba athari zipo, kwamba zimetokana na tabianchi, na kwamba zimewafikia watu wa Kigoma, kisha kinakuachia wewe kazi ya kuziorodhesha. Swali la utafiti ni lile unaloweza kulijibu kwa nyenzo za taaluma yako, na ambalo jibu lake, ukiwa mwaminifu, linaweza kwenda kinyume na ulivyotarajia.

Chukua kisa kilicho palepale Kigoma. Katika karne ya 19 maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yakipanda, kwa kuwa mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea mto Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874, na msafiri mwenzake Henry Morton Stanley akaupitia mwaka 1876. Mnamo 1878 kizuizi hicho kilipasuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Ndiyo maana mahali panapoonyeshwa pale Ujiji kuwa ndipo Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji. Wanasayansi watakueleza ziwa lilishuka kiasi gani. Hawatakueleza ardhi iliyoachwa wazi ilichukuliwa na nani, nani alikuwa na mamlaka ya kuigawa, wala wafanyabiashara wa Ujiji walifanya nini majahazi yalipokosa kufika yalipozoea kutia nanga. Hayo ni maswali yako. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878 na wale wa White Fathers mwaka 1879, wakaacha barua na shajara. Na wazee wa Ujiji wana habari za koo na viwanja ambazo hazijaandikwa popote. Tangu mwishoni mwa 2019 ziwa limepanda tena na kumeza maeneo ya ufukweni, Bujumbura yakiwemo, kwa hiyo swali la nani ana haki juu ya ardhi ambayo maji huiacha na kuirudia lina uzito hata kwa halmashauri za leo.

Mhariri, nanunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Nimesikia mtaalamu mmoja akisema dagaa wamepungua kwa sababu ziwa limepata joto, na mwingine akisema ni kwa sababu wavuvi tumezidi. Wote wamesoma. Tumwamini nani? (Mfanyabiashara, Kigoma)

Ndugu yangu, wataalamu wenyewe wamelibishania jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20, na ninaliona kuwa miongoni mwa maswali mazito kabisa ya mazingira katika ukanda wetu, kwa sababu kitoweo cha watu wa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia kinalitegemea.

Kwanza tuelewe ziwa linavyofanya kazi. Kina chake hufikia takriban mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala chini, katika maji baridi yasiyo na oksijeni ambamo samaki hawezi kuishi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, kuelekea Mpulungu, Zambia, maji ya chini hupanda yakiwa na virutubisho hivyo; vijimea vidogo vya majini hustawi, vijidudu huvila, dagaa huvila vijidudu, na mgebuka humla dagaa. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi zaidi, na upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya na ya chini kama zamani.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walipima kaboni iliyohifadhiwa katika tope la chini ya ziwa, wakakadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa takriban asilimia 30. Mwaka 2006 watafiti wengine walipinga, wakisema kwamba kupanda na kushuka kwa mavuno kunaelezeka kwa mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakarudi kwenye tope, safari hii wakitafuta mabaki ya samaki, wakaona kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushika kasi katikati ya karne ya 20. Waliona pia kwamba katika maeneo waliyoyachunguza, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.

Maoni yangu ni kwamba ushahidi wa joto ni mzito, lakini hauzisafishi nyavu. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kustahimili uvuvi uleule wa zamani, sembuse uvuvi uliozidi. Kwa hiyo swali la "joto au nyavu" limetufikisha mwisho wake, na linalofaa kuulizwa sasa ni hili: ziwa lenye joto la leo linaweza kuvuliwa kwa kiasi gani bila kuendelea kudhoofika? Ili kulijibu, jumla ya tani haitoshi; inatakiwa ijulikane kila chombo kinapata nini kwa kila usiku, na kwa taa gani. Wavuvi walioacha karabai na kuwasha taa za umeme wa betri huvuta dagaa kutoka mbali zaidi, hivyo beseni zinaweza kubaki zilezile huku samaki wakipungua majini. Wewe unayenunua kila siku una ushahidi mkononi: ukiandika tarehe, idadi ya beseni, bei, aina ya taa na hali ya mwezi, daftari lako litakuwa na thamani kwa mtafiti yeyote wa uvuvi.

Nikuongezee angalizo moja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na wengi walitaka kujua kama ilisaidia kwa kulinganisha mavuno ya kabla na baada. Ulinganisho huo unapotosha, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi, ambapo ziwa hulishwa lenyewe. Mtafiti makini atalinganisha Septemba ya baada ya kufunga na Septemba za miaka ambayo ziwa halikufungwa.

Assalaam aleikum. Mimi ni mkulima wa mwani huku pwani ya mashariki ya Unguja. Kila mwaka wanakuja watafiti na karatasi zao, wanatuuliza umri, idadi ya watoto, kipato, na kama bahari imebadilika. Tunawajibu, wanaondoka, hawaturejeshei kitu. Na sisi tuna letu: mbona mwani wa kotonii unakufa na ule wa spinosum unasimama? Nani atatuchunguzia? (Mama wa mwani, Unguja)

Waaleikum salaam, Mama. Malalamiko yako ni ya haki, na nayasema haya ili wanafunzi wanaosoma safu hii wayasikie. Mnayo haki ya kumuuliza kila anayekuja utafiti wake ni wa nini, nani anaugharimia, matokeo yatarudi lini na kwa njia gani, na mnayo haki ya kukataa kujibu. Mtafiti anayeona maswali hayo ni usumbufu hakufundwa vizuri.

Kuhusu kotonii: kilimo cha biashara cha mwani kilianza kwenu mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kotonii hupata bei nzuri zaidi lakini haivumilii joto. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi kubaki ya kufika kwenye vifundo vya miguu, jua huyachemsha maji hayo kidogo. Matawi ya kotonii hupauka, hulainika na kukatika kwenye kamba, na bakteria humalizia kilichosalia. Spinosum hustahimili zaidi. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi ndefu juu ya mwani katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, ni miongoni mwa waliohimiza kotonii ipandwe kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo.

Hapo biolojia imefanya sehemu yake, na sasa mwanauchumi na mwanasosholojia wana kazi kubwa ambayo naiona ikipuuzwa. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi hawakufundishwa kuogelea wala hawana vyombo. Kilimo kikihamia kwenye kina, je, kipato kitahama pamoja nacho na kuingia kwa wenye boti? Nani katika nyumba ataamua? Hilo halijibiwi kwa kuuliza kama bahari imebadilika.

Jaribio dogo mnaweza kulifanya wenyewe katika kikundi: fungeni mbegu za uzito sawa, za mkulima mmoja, siku moja, kwenye kamba mbili, moja mahali mnapopanda siku zote na nyingine kwenye mkondo ambao maji hayakauki. Pimeni baada ya wiki sita. Rudieni wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Atakapokuja mtafiti mwingine, mpeni swali lenu kwanza.

Ndugu Mhariri, ninasoma sheria. Kila ninachokiona kuhusu tabianchi ni mikataba ya kimataifa isiyotekelezwa. Je, kuna swali la kisheria lililo hai hapa kwetu? (Mwanafunzi, Arusha)

Uko katika mji unaofaa zaidi kulitafuta. Mwaka 2020 mashirika ya kiraia yalifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo Arusha, kupinga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga. Mwezi Novemba 2023 shauri lilitupwa bila kusikilizwa hoja za mazingira, kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu alipokijua.

Tazama ugumu ulio ndani ya kanuni hiyo. Madhara ya mazingira hujitokeza polepole, pengine baada ya miaka mingi, ilhali saa ya mahakama huanza kuhesabu tangu siku mkataba uliposainiwa. Je, kanuni hiyo inaweza kusomwa pamoja na haki ya mazingira safi, salama na yenye afya inayotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 na Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010? Mahakama nyingine zimeshughulikiaje ukomo wa muda kwa madhara yanayoendelea? Unaweza kugundua kwamba kanuni ina sababu nzuri za kubaki ilivyo, na tasnifu yako haitapungua thamani kwa hilo. Tena hapohapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliombwa mwaka 2025 itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi katika suala la tabianchi. Nyaraka za ombi hilo zinastahili kusomwa kwa makini.

Ninasomea Kiswahili na mawasiliano. Wenzangu wanasema tabianchi haituhusu. (Mwanafunzi, Dodoma)

Wamekosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kabla ya kila msimu kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, au za wastani hadi chini ya wastani. Mkulima anayesikia hivyo redioni anaamua nini: kubadili mbegu, kuchelewesha kupanda, au kungoja? Je, anaelewa wastani huo ni wa miaka ipi na wa eneo gani? Kaa na wakulima wa kijiji kimoja msimu mzima, linganisha walichosikia, walichokielewa na walichokifanya, na utakuwa umefanya kazi ambayo mtaalamu wa hali ya hewa hana nyenzo za kuifanya.

Mwalimu mwenzangu na mimi tuna klabu ya mazingira shuleni. Tunataka kujua kama mvua za kwetu zimepungua kweli. Takwimu tutazipata wapi? (Mwalimu, Machakos)

Mwalimu, anzeni na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, mkiomba rekodi za kituo kilicho karibu nanyi. Misheni na mashamba makubwa ya zamani nayo yalizoea kuandika mvua, na madaftari yao wakati mwingine yapo kwenye kabati ambalo halijafunguliwa kwa miaka. Kwa miaka ya karibuni yapo makadirio ya CHIRPS, yanayounganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo. Yanaanzia 1981, hayalipiwi, na kila kipande kina upana wa takriban kilomita 5. Msiyaamini mno kwenye milima, ambako upande mmoja hunyeshewa na mwingine ukabaki mkavu.

Msiunganishe misimu. Mvua za masika za Machi hadi Mei zilielekea kupungua katika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980, wakati mifano mingi ya kompyuta ilibashiri kwamba zingeongezeka, na wanasayansi bado wanatafuta sababu. Mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la Ukambani, hufuata zaidi hali ya joto la Bahari ya Hindi. Mkijumlisha mwaka mzima, msimu mmoja utaficha yaliyotokea katika mwingine. Tena jumla ya msimu siyo inayomuumiza mkulima peke yake. Waambieni wanafunzi wahesabu pia mvua zilianza lini na kipindi kirefu zaidi cha ukavu katikati ya msimu kilikuwa cha siku ngapi.

Wekeni na kipimo chenu, mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyekwenda kupima iandikwe kistari, kwa maana atakayelisoma daftari hilo baada ya miaka 20 hatakuwa na njia nyingine ya kutofautisha ukame na likizo ya Agosti.